Moshi wa mazutu: biodizeli inasaidia, chujio linasaidia zaidi, lakini nani analikata?

Gari kubwa likipanda mlima na mizigo yake, wakaaji wa kando ya barabara wanajua kitakachofuata: moshi mweusi ndani ya nyumba, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mapafu ya watoto. Si harufu mbaya tu. Tangu mwezi wa 6, 2012, tawi la OMS linalochunguza kansa liliweka moshi wa mazutu katika kundi la kwanza la vitu vinavyoletea watu kansa.

Kuko njia mbili zinazosemwa sana za kuupunguza.

Ya kwanza ni kubadilisha mafuta. Biodizeli inatengenezwa na mafuta ya mimea, kama vile mawese ao soya. Kufuatana na hesabu ya shirika la mazingira la Marekani ya 2002, asilimia 20 ya biodizeli ndani ya mazutu inapunguza masizi kwa asilimia 10 hivi. Biodizeli tupu inayapunguza kwa asilimia 47, lakini gesi za azoti, zenye kuchoma njia ya pumzi, zinaongezeka kwa asilimia 10. Tena, mawese ya sokoni siyo biodizeli: ukiyamimina hivyo ndani ya tanki, yanaziba sindano za motere. Na pale yanapoenda kwenye tanki, yanapungua kwenye sufuria.

Njia ya pili ni chujio la moshi, linalowekwa kwenye bomba la kutolea moshi. Likiwa zima, linakamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi, kisha linayachoma kwa joto linaloweza kufika digrii 600. Ulaya, karibu kila gari dogo jipya la mazutu linalo tangu 2011.

Sasa, juu ya nini gari kama hilo likifika huku linatoa moshi? Chujio linataka mazutu yenye salfa kidogo. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliweka kikomo cha sehemu 50 ndani ya milioni tangu Januari 2015, na mafuta mengi ya mashariki yanapitia upande huo. Lakini yakichanganywa njiani, kikomo hicho hakina maana. Tena, gari linalotembea polepole kwenye mashimo halipati joto la kuchoma masizi. Chujio linaziba, nguvu inapungua, na fundi analikata.

Mwenye gari anaona faida siku ileile: gari linavuta tena. Hasara inabebwa na muuza ndizi aliye kando ya barabara, ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo biodizeli peke yake haitamaliza shida. Kazi ya kwanza ni mazutu safi kwenye pompi. Ya pili ni kusafisha chujio kwenye garaji, si kulitupa, na kurekebisha sindano mapema. Ya tatu iko kwa wakubwa: kontrole tekiniki inayoangalia hata bomba la moshi, si karatasi tu.