Kasha la Vipuri Liwe Kamili

Biashara ya kuuza vipuri ili mnunuzi akajiundie chombo mwenyewe nyumbani kwake ni biashara ya heshima, wala si ya jana. Lakini kila biashara ya heshima ina wajanja wake. Leo twapenda kusema waziwazi juu ya tawi moja la biashara hiyo, ambalo limestawi sana Marekani na Uingereza, na ambalo makasha yake hufika popote posta inapofika, hata huku kwetu Afrika ya Mashariki, kwa mpiga gitaa aliye tayari kulipa nauli. Nalo ni tawi la pedali za gitaa za kujiundia.

Kwa msomaji asiyeshika gitaa, pedali ni kijisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni baina ya gitaa la umeme na kikuza sauti. Mpigaji hukikanyaga, na papo hapo sauti hugeuka: hukwaruza, au hurudi kama mwangwi, au hunenepa mithili ya tarumbeta. Pedali ya mkwaruzo iliyofungua soko hilo ni Maestro Fuzz-Tone ya kampuni ya Gibson, mwaka 1962, nayo ilikaa bila kushangiliwa na wengi mpaka ilipovuma katika wimbo wa Rolling Stones uitwao Satisfaction, mwaka 1965. Mwaka uliofuata kampuni ya Arbiter ya London ikatoa pedali ya mviringo iitwayo Fuzz Face, ambayo Jimi Hendrix aliipa sifa isiyokwisha hata leo.

Ukiifungua Fuzz Face utastaajabu. Ndani mna transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, na vifundo viwili vya kuzungusha. Jumla ni vipande kumi na kimoja, ukiacha swichi, matundu ya kuchomekea nyaya, na betri. Na hapo ndipo tamaa inapoingia. Maadamu vipande ni vichache na bei yake ni ya chini, mtu yeyote aweza kuvitia katika mfuko wa nailoni, akabandika bei na kujiita muuza seti. Mnunuzi huonyeshwa picha ya pedali iliyokamilika na kupakwa rangi, akalipa, akangoja majuma. Kisha hufungua mfuko: bodi imo, boksi halimo, au boksi limo lakini halikutobolewa, rezista zimechanganyika kama kunde na choroko, na maelezo ni karatasi moja yenye picha isiyosomeka. Huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Twaona kwamba ugomvi wote watokana na kutoelewa kinachouzwa. Auzaye pedali iliyokwisha kuundwa huuza sauti. Auzaye seti huuza ahadi, ya kwamba mtu asiye fundi, akifuata alichopewa, ataisikia sauti hiyo kwa kazi ya mikono yake. Kila kinachohitajika ili ahadi itimie ni sehemu ya bidhaa, na kisipokuwamo, bidhaa ni pungufu sawasawa na pishi ya mchele iliyopunjwa.

Wako wauzaji wasemao ya kwamba mnunuzi wa seti ni fundi, na fundi hahitaji kufundishwa. Neno hili halina uzito. Fundi stadi hanunui seti hata kidogo. Huchagua vipande vyake dukani kimoja kimoja, kwa bei ndogo zaidi, akaunda apendavyo. Anunuaye seti ni karani, ni dereva, ni mwanafunzi wa chuo, ni kuli wa bandarini apigaye gitaa jioni na bendi ya mtaa. Amekubali kulipa zaidi ya thamani ya vipande kwa sababu anataka kitu kinachozidi vipande.

Kitu hicho, kwanza kabisa, ni kitabu cha maelezo. Waliolijua jambo hili kuliko wote walikuwa kampuni ya Heath ya Benton Harbor, katika jimbo la Michigan. Kampuni hiyo ilianzia katika ndege ndogo za kujiundia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwenye kampuni wa wakati huo, Howard Anthony, alinunua shehena ya vipuri vya umeme vilivyobaki jeshini, na mwaka 1947 akatoa seti ya osiloskopu, chombo kile kinachoonyesha mawimbi ya umeme katika kioo. Baadaye Heath waliuza redio, mita, televisheni, hata vikuza sauti vya magitaa. Watu waliokuwa hawajapata kushika chuma cha kulehemu waliviunda vyombo hivyo vikafanya kazi, nayo kampuni ikaishi kwa seti zake hadi mwaka 1992. Siri yao ilikuwa kitabu. Kila hatua iliandikwa peke yake, kwa sentensi fupi, na kando yake kiliwekwa kijisanduku kitupu cha kutia alama hatua ikiisha. Mtu aliyeitwa kwenda kula alirudi akajua alipoachia.

Leo twaambiwa ya kwamba kuchapa kitabu ni gharama, na kwamba mnunuzi aweza kupakua maelezo katika intaneti. Ni kweli, aweza. Lakini ni mpaka lini? Muuzaji mdogo akifilisika, ukurasa wake hufutika, na pedali iliyoundwa leo ikiharibika baada ya miaka kumi hapana wa kuulizwa. Karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha hukaa. Hatusemi kiwe kitabu cha kurasa mia. Kurasa nane zilizochapwa vizuri, zenye michoro mikubwa, zamtosha mtu kuunda Fuzz Face na kuitengeneza ikifa.

Ndani ya kurasa hizo pawe na jambo moja ambalo wauzaji wengi hulificha, nalo ni mchoro wa saketi. Mtu akipewa picha ya mahali pa kuchomeka kila kipande aweza kuunda kama anayejaza fumbo la maneno, asijue alifanyalo. Akipewa mchoro, ataona njia ya umeme kutoka gitaa hadi kikuza sauti, na siku sauti ikikatika atajua pa kutafuta. Wauzaji hudai kwamba wanalinda siri. Siri gani? Saketi ya mwaka 1966 yenye vipande kumi na kimoja imechorwa na kuchapwa mara nyingi kupita kiasi. Tena aghalabu wenyewe waliinakili kwa wengine! Mwenye haki ya kulalamika labda ni mwenye jina na nembo ya asili, ambavyo ni mali yake, na muuza seti hana ruhusa ya kuvibandika katika kasha lake. Kwa habari ya saketi, aliyeichukua kwa mwenzake hana uso wa kumnyima mteja wake.

Kando ya mchoro paandikwe vipimo. Mathalani, katika Fuzz Face yenye betri ya volti 9, mguu wa kolekta wa transista ya pili wapaswa kuonyesha karibu volti 4.5, yaani nusu ya betri. Mstari huo mmoja wa maandishi, na mita ya umeme ya bei ndogo, humwokoa mnunuzi asitupe kazi ya siku tatu. Muuzaji aliyeunda seti yake mwenyewe hata mara moja anavyo vipimo hivi mezani pake. Asiyekuwa navyo, tuna haki ya kushuku kwamba hajaiunda.

Juu ya transista zenyewe twataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Fuzz Face za kwanza zilitumia transista za jermaniamu, madini ambayo watengenezaji karibu wote waliyaacha zamani na kuhamia silikoni. Zinazouzwa sasa nyingi ni masalio ya maghala ya miaka ile. Zina tabia mbaya mbili: nguvu zake hazilingani, hata mbili za namba moja zilizotoka sanduku moja; tena huvujisha umeme, na joto likizidi huvuja zaidi. Transista iliyolia vizuri katika ubaridi wa London yaweza kukoroma katika ukumbi wa Dar es Salaam usiku wa mwezi wa Februari. Basi muuzaji mwaminifu hazichoti kwa kikombe. Huzipima moja moja, huzitupa zinazovuja, huzioanisha mbili mbili, dhaifu iwe ya kwanza na yenye nguvu iwe ya pili, akaandika kipimo cha kila moja juu ya mfuko wake. Kazi hiyo ina ujira, na mnunuzi hatakataa kuulipa akielezwa. Alipishwaye bei ya transista zilizopimwa akapewa zisizopimwa ameibiwa, hata kama vipande vyote kumi na kimoja vimo. Kadhalika atiliwe soketi mbili ndogo za kuchomeka transista hizo, kwa sababu moto wa chuma cha kulehemu huziua upesi, na mkono wa mwanafunzi ni mzito.

Jambo jingine lisilosemwa ni upande wa umeme. Pedali nyingi za leo huunganisha upande hasi na boksi, na adapta zake zina hasi katikati ya pini. Fuzz Face ya asili, yenye transista za aina ya PNP, huunganisha upande chanya. Mpigaji akizichomeka zote katika adapta moja kwa waya wa matawi, umeme hupiga shoti. Onyo hilo liandikwe kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza, na tena juu ya tundu lenyewe. Na muuzaji wa Marekani anayetia adapta katika kasha akumbuke ya kwamba kwao umeme ni wa volti 120, na huku kwetu ni 230 au 240, tena plagi ni ya pini tatu za bapa. Heri asitie adapta, aandike tu aina inayotakiwa, kuliko kumtumia mtu kitu kitakachotoa moshi siku ya kwanza.

Boksi liwemo, tena limetobolewa. Swichi ya kukanyaga yataka tundu la milimita 12, na keekee ya kufikia kiasi hicho haipatikani katika kila nyumba. Skrubu, nati, nyaya zilizokatwa, kibanio cha betri: havina haja ya maneno. Rezista zifungwe kwa karatasi zenye kuandikwa thamani, kwani ile ya kilo 1 na ile ya kilo 10 hutofautiana kwa mstari mmoja tu, mwekundu na wa rangi ya chungwa, na chini ya taa hafifu rangi hizo mbili ni ndugu.

Zana ni habari nyingine. Hatuafiki desturi ya kutia chuma cha kulehemu cha bei ya kutupa ili kasha lionekane limejaa. Zana ziorodheshwe nje ya kasha, mahali mnunuzi atakapoziona kabla hajatoa fedha zake. Lehemu kidogo yaweza kutiwa, pamoja na maelezo ikiwa ina risasi au haina. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2006 imeibana risasi katika vyombo vingi vya umeme, nayo ina sababu zake. Penye risasi mtu aambiwe anawe mikono kabla ya kula, na asifanyie kazi hiyo mbele ya watoto.

Tutaambiwa ya kwamba kasha la namna hii litakuwa ghali, na kwamba twamfungia mlango mtu wa kipato kidogo. Sisi twaona kinyume chake. Mwenye fedha nyingi akipata kasha pungufu huagiza jingine. Mwenye kipato kidogo aliyejinyima miezi miwili ndiye asiyeweza kurudia, na kwake rezista moja iliyosahauliwa na mfungaji ng'ambo ni majuma mengine ya kungoja na nauli nyingine ya posta kwa kitu cha senti chache. Rahisi inavunja upishi. Kama muuzaji ataka kuuza bodi na vipande tu kwa bei nafuu, na auze, hapana anayemkataza. Lakini aandike juu ya mfuko, kwa maandishi yasiyotaka miwani, kwamba boksi, swichi na maelezo havimo, na asiweke juu yake picha ya pedali iliyokamilika.

Na kabla kasha halijafungwa, mfungaji avihesabu vipande kwa mkono wake akivilinganisha na orodha, atie sahihi chini ya orodha hiyo, aiweke juu kabisa mnunuzi aione kwanza. Kisha aongeze rezista moja ya akiba kwa kila aina. Rezista haina uzito wa kuongeza nauli.