Mashariki mwa RDC: Msanii asiye na mfadhili ataingiaje kwenye vyombo vya habari?

Tangu mji wa Goma uingie mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, wanamuziki wa Kivu wamepoteza vitu vingi kwa mara moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na tamasha la Amani, lililoanza mjini humo mwaka 2014, halikuweza kusimamisha jukwaa lake Goma mwezi huo wa Februari. Wasanii wengine walikimbilia Kampala, Nairobi, Bujumbura ao Kinshasa. Waliobaki wanarekodi katika studio ndogo za mtaani, umeme ukikuwepo, na kutuma nyimbo zao kwa WhatsApp.

Muziki haujasimama. Njia ya kuufikisha kwa watu ndiyo imebanwa. Kwa msanii asiye na kampuni wala meneja, redio, magazeti ya mtandaoni na maandishi yake mwenyewe vimekuwa karibu jukwaa pekee lililobaki. Lakini wengi wanaingia kwenye jukwaa hilo kwa mlango usiofaa: wanaomba kutajwa, ao wanalipa ili watajwe, bila kumpa mwanahabari kitu cha kusimulia.

Njia ya kulipa si mpya. Katika muziki wa Kongo kuna desturi ya “libanga”, jiwe kwa Kilingala: mwimbaji anatupa jina la tajiri, mwanasiasa ao mwanajeshi ndani ya wimbo, naye mwenye jina anatoa pesa. Desturi hiyo imelisha orkestra nyingi za Kinshasa. Upande wa pili kuna “coupage”, zile pesa za usafiri anazopewa mwanahabari ili habari ipite. Wanahabari wengi hawana mshahara wa kutosha, kwa hiyo mambo hayo yamezoeleka, na si rahisi kumlaumu mtu mmoja.

Hasara yake lakini inaonekana. Habari iliyolipiwa inasomwa mara moja hewani, jioni imekwisha, na wiki inayofuata msanii analazimika kulipa tena. Msikilizaji wa Kadutu ao Majengo anatambua haraka sifa zilizonunuliwa. Na katika eneo lenye vita, libanga ina hatari yake: mtu unayemsifu leo anaweza kuwa adui wa yule atakayetawala mji kesho, na jina lake linabaki ndani ya wimbo.

Kwa upande wa wahariri, shida ni nyingine. Ujumbe unaofika kila siku unafanana: “Mkubwa, unisaidie promo”, na chini yake anwani ya klipu ya YouTube. Hakuna jina kamili, hakuna maelezo ya wimbo, picha imefifia. Mwanahabari mwenye habari tano za kuandika kabla ya umeme kukatika hawezi kununua mega za kutazama klipu ili atafute mwenyewe la kusema. Anaiacha.

Kutoka kwa wimbo, peke yake, si habari. Inakuwa habari kukiwa na jambo la kusimulia: wimbo uliotungwa na vijana wa kambi ya wakimbizi wa ndani, wimbo unaorudisha ngoma ya Kinande ao ya Kishi ambayo vijana wameisahau, albamu iliyorekodiwa wakati mwimbaji yuko Butembo na mpiga gita yuko Kampala. Kila msanii wa mashariki ana jambo la namna hiyo. Wachache wanaliandika.

Faili ya kutumia wanahabari haiombi pesa nyingi. Mistari sita ya maisha ya msanii: jina lake la kisanii, mji alikotoka, aina ya muziki, kazi alizokwisha kutoa. Sentensi mbili ao tatu zinazosema wimbo unahusu nini na kwa nini umetoka sasa. Maneno ya wimbo, pamoja na tafsiri ya Kiswahili ao Kifaransa ikiwa umeimbwa kwa lugha nyingine. Majina ya waliopiga vyombo na ya studio. Wimbo wenyewe katika faili nyepesi ya MP3. Picha moja safi, iliyotumwa kwa WhatsApp kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora. Na namba ya simu ambayo mtu atajibu.

Tarehe pia ina uzito. Anayetuma wiki moja ao mbili kabla ya wimbo kutoka anampa mwanahabari nafasi ya kupanga mahojiano. Anayetuma mwezi mmoja baadaye analeta jambo lililozeeka.

Jambo la pili ni msanii kuwa na ukurasa wake wa kuandikia, mbali na akaunti za mitandao ya kijamii. Akaunti ya Facebook inaweza kuibwa ao kufungwa, na hadhi za WhatsApp zinafutika baada ya saa 24. Andiko lililo kwenye ukurasa wa msanii linabaki na tarehe yake. Mwandaaji wa tamasha akitafuta jina hilo kwenye Google, anakuta maisha ya msanii, nyimbo zake na makala zilizokwisha kuandikwa juu yake. Na kukitokea ugomvi juu ya mwenye wimbo, tarehe hiyo inaweza kusaidia, ijapokuwa haichukui nafasi ya kuandikisha kazi kwenye SOCODA, shirika la haki za watunzi nchini.

Lugha ichaguliwe kwa hesabu. Kiswahili kinamfikia mkaaji wa Bunia, Goma, Kalemie na Lubumbashi, na kinavuka mpaka hadi Bujumbura, Dar es Salaam na Nairobi. Kifaransa kinafungua Kinshasa na mashindano ya nchi zinazosema Kifaransa. Mwenye andiko fupi kwa lugha hizo mbili ana milango mingi kuliko anayesubiri kutafsiriwa.

Mifano ipo. Prix Découvertes ya RFI, ambayo msanii anaiomba kwa kupeleka kazi zake, ilimwendea Céline Banza mwaka 2019, na mwaka 2021 ikamwendea Alesh, mwana wa Kisangani aliyekuwa na miaka mingi ya kurap juu ya maisha ya wananchi. Innoss'B wa Goma alianza kujulikana katika shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010, akiwa bado mtoto. Wimbo wake Yope, uliorudiwa na Diamond Platnumz mwaka 2019, ulimpeleka katika redio za Afrika Mashariki yote. Bila shaka kipaji ndicho cha kwanza. Lakini jina la msanii lilipoitwa, palikuwa na kazi na historia ambayo mwanahabari aliweza kuisimulia.

Kupanda huko kunaenda hatua kwa hatua. Redio ya mtaani ao ya wilaya ndiyo ya kwanza, kwa sababu watangazaji wake wanamjua msanii na wasikilizaji wake. Kisha gazeti la mtandaoni la jimbo. Makala mbili za namna hiyo zinampa nguvu anayeandikia Radio Okapi, ao kipindi cha Nyumba ya Sanaa cha RFI Kiswahili. Mhariri wa mbali anataka kwanza kuona kwamba nyumbani wanamjua.

Kuna upande usioweza kufichwa. Tarehe 13 Februari 2025, mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo kali za kisiasa na aliyefungwa zaidi ya mara moja kwa sababu yake, aliuawa mjini Goma. Mwezi Novemba 2021, mjini Kinshasa, tume ya serikali inayochunguza nyimbo ilikataza wimbo Nini Tosali Te wa kundi la MPR usipigwe katika redio na televisheni, kabla ya kuuruhusu tena kwa haraka. Mwanamuziki anayeandika anaacha alama, na alama hiyo inaweza kusomwa na mtu asiyempenda.

Ndiyo maana kuandika kunahitaji busara ileile ya kutembea mjini usiku. Mtaa anaolala msanii, shule ya watoto wake na safari anayopanga havina nafasi katika makala. Mwanahabari aelezwe mapema lipi lichapishwe na lipi libaki kati yao, maana baada ya kuchapishwa hakuna kurudisha. Na anayezungumza kutoka mji wenye bunduki ana haki ya kunyamaza juu ya jambo fulani bila kuitwa mwoga.

Vyombo vya habari navyo vina deni. Redio inayopiga wimbo wa kijana wa Ndosho bila kutaja jina lake inamnyima njaa yake ya kujulikana na haki yake kwa wakati mmoja. Gazeti linalompa ukurasa yule tu mwenye bahasha linawafundisha wengine kutafuta bahasha. Kutaja jina la mtunzi sawasawa, kumpigia simu kabla ya kuandika na kuhifadhi makala ili isipotee hakugarimu zaidi ya dakika chache.

Viwanja vya Goma na Bukavu vitafunguliwa tena siku moja, na matamasha yatatafuta majina ya kuweka kwenye mabango. Watakaokuta simu yao inalia ni wale ambao, katika miezi hii migumu, waliandika wao ni nani, wanaimba nini na kwa nini.