Ukuta Unapotoa Malengelenge



Mwezi uliopita nilimtembelea mama mmoja wa kikundi chetu hapa Tanga. Mwanawe wa miaka 6 ana pumu, na tangu masika yaanze alikuwa akikorota kila usiku. Nilipoingia chumbani niliona kitanda chake kimegusa ukuta wa nje. Hapo rangi ilikuwa imefura malengelenge, na chini yake kulikuwa na madoa meusi ya ukungu.

"Dada Nesi," aliniambia, "rangi hii ni ya mafuta, ya bei kubwa. Nimepaka mara mbili kwa mwaka mmoja, na fundi anataka kupaka tena. Fedha ya upatu yote imeishia hapa."

Akina mama, hakuna muuguzi anayefunga bendeji juu ya jipu lenye usaha. Ukuta nao ni hivyo hivyo. Rangi haikuwa mbaya, bali maji yalikuwa ndani. Rangi ya mafuta hufunga ukuta kama nailoni. Jua likipiga, maji yaliyomo hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia, nao huisukuma rangi mpaka ibanduke. Maji hayo pia hubeba chumvi kutoka kwenye udongo na saruji. Yakikauka, chumvi hubaki kama unga mweupe, na chembe zake huvunja plasta polepole.

Tulizunguka nje tukakuta mambo mawili. Gata lilikuwa limetoboka na kumwaga maji ukutani. Tena, udongo wa bustani ya maua ulikuwa umerundikwa juu kuliko msingi, na ukuta ukawa unanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Ukiona dalili hizi kwako, fanya hivi:

1. Tafuta chanzo kwanza: gata, bomba, nyufa, au udongo uliopanda ukutani. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni upande wa ndani wa ukuta, uzibe kingo zote, uache siku 2. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumba, hivyo fungua madirisha.

2. Acha ukuta ukauke. Huchukua wiki nyingi, kwa hiyo usipake wakati wa masika. Plasta mpya nayo ipewe wiki 4 hivi.

3. Unga wa chumvi uondolewe kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi itarudi ndani.

4. Rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu, maana huenda ina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Iloweshe, ziba pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

5. Paka chokaa, au rangi ya maji inayouruhusu ukuta kupumua.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwamba unyevu na ukungu wa majumbani huongeza pumu na magonjwa ya kifua. Jambo hili si geni. Katika Mambo ya Walawi sura ya 14, nyumba yenye madoa ilitolewa vyombo, ikafungwa siku 7, na mawe mabovu yakatolewa kabla ya kupigwa lipu mpya.

Siku ile tulihamisha kitanda na kuosha ukungu kwa sabuni. Baba wa nyumba aliziba gata na kushusha udongo. Rangi itangoja kiangazi. Mtoto bado ana pumu na dawa yake ya kuvuta haachi, lakini juzi mama yake aliniambia kwamba sasa analala mpaka asubuhi.

Dada yangu, kabla hujanunua kopo jingine la rangi, zunguka nyumba yako kwanza. Tuonane mwezi ujao.