Makapi-Mlo, Asidi za Utumboni na Virusi Vilivyolala

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, anakumbukwa kwa mambo mawili ambayo kwa miaka mingi yalionekana hayana uhusiano. Mwaka 1958 alieleza uvimbe wa saratani uotao katika mataya ya watoto. Vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London ndivyo vilivyowawezesha Epstein, Achong na Barr, mwaka 1964, kukiona kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Baadaye, akiwa amerudi Uingereza, Burkitt aligeuka kuwa mhubiri wa makapi-mlo, yaani sehemu ya nafaka, mboga na mikunde ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya.

Mambo hayo mawili hukutana katika utumbo mpana. Bakteria waishio humo huyachachusha makapi na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetiki, ambayo ndiyo ya siki; propioniki; na butiriki, yenye harufu ya siagi iliyovunda. Mwaka 1977 ilidhihirika kwamba butiriki hubadilisha histoni, yaani protini ambazo uzi wa urithi huzungushiwa. Asidi hiyo huzuia vimeng'enya vinavyoziondolea histoni vikundi vya asetili. Uzi hulegea, na jeni zilizokuwa zimefungwa huweza kusomwa. Iwapo ndani ya chembe hiyo kuna kirusi kilicholala, nacho hupata nafasi ya kuamka. Mwaka 1979 Luka, Kallin na Klein walionyesha jambo hilo kwa kirusi kilekile cha Epstein-Barr. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba butiriki itolewayo na bakteria wa ugonjwa wa fizi huweza kuamsha VVU vilivyojificha katika chembe za maabara.

Je, basi makapi-mlo ni hatari? La hasha. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba panya waliolishwa makapi-mlo kwa wingi waliistahimili homa ya mafua vizuri zaidi, kwa kuwa kinga yao ilipata urari mpya. Lakini mwaka 2020 butiriki hiyohiyo, ilipotiwa katika chembe za mapafu ya binadamu, ilizima baadhi ya jeni zinazoamriwa na interferoni, na virusi vya mafua vikastawi. Nayo majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 juu ya vipande vya utumbo wa binadamu hayakuona asidi hizi zikizuia wala kusaidia virusi vya UVIKO-19.

Kwa hiyo muuza unga anayetangaza kwamba bidhaa yake "huua virusi" hana msingi, na anayemtisha mgonjwa wa VVU aache maharage anakosea zaidi, maana dawa za kufubaza huzuia kirusi kilichoamka kisiambukize chembe mpya. Kosa la wote wawili ni kusahau kipimo. Majaribio mengi ya maabara hutumia ukolezi wa milimoli moja au zaidi kwa lita. Ukolezi huo upo utumboni, lakini chembe za ukuta wa utumbo huila butiriki kama kuni zao, na ini huchukua sehemu kubwa ya inayosalia. Katika damu ya mwili kwa jumla, asidi hizi huwa zimepungua mara elfu moja na zaidi. Mahali pa kutiliwa shaka ni pachache: utumbo wenyewe, na fizi zilizooza.

Ajabu ni kwamba vipimo hivyo vya utumbo na damu, vinavyonukuliwa kila mahali tangu 1987, vilitokana na maiti sita za Waingereza. Havisemi lolote juu ya mtoto wa kandokando ya Ziwa Viktoria, alaye ugali wa mtama na dagaa, mwenye kirusi cha Epstein-Barr tangu utotoni na labda malaria mara kwa mara. Maabara za Afrika Mashariki zinazopima virusi damuni zipo, na za kupima asidi za aina hii pia zipo. Yafaa zishirikiane kabla ya fedha kutumika katika kurudia majaribio ya chembe za chupani. Burkitt alipotaka kuijua mipaka ya uvimbe wake, mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili yapata maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine.