Kibanda cha Kambini: Turubai au Mabati?

Mama mmoja wa Kewanja, wilaya ya Tarime, ametuandikia barua. Mume wake ameacha kuchimba dhahabu kwa mkono. Yeye na kaka yake wamenunua mtumbwi na wavu wa dagaa, na sasa wanavua katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Mume anataka mkewe na watoto watatu wamfuate huko. Wavuvi wa dagaa huhama, leo kisiwa hiki na miezi michache baadaye kile, kwa hiyo nyumba yao lazima ifunguliwe, ipakiwe mtumbwini na kusimamishwa tena. Mama huyu anauliza: “Mume wangu anasema turubai linatosha. Shemeji anasema tununue mabati. Mimi sijui lolote la ziwani, kwetu samaki tunawajua gulioni. Nifanyeje?”

Kwanza, dada yetu, hatumlaumu mumeo kwa kutaka muende wote. Wanaume wengi wamekwenda mialoni na kuacha wake nyumbani, na matokeo yake tunayajua. Hupatikana nyumba ya pili huko huko, fedha huishia kwenye vilabu, na UKIMWI umeingia katika familia nyingi kwa njia hiyo. Lakini si kila kibanda kinachomfaa mvuvi aliye peke yake kinaifaa familia. Mvuvi asiye na mke kambini hutupa turubai juu ya miti minne, akalala chini, na asubuhi akacheka kwamba alinyeshewa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kulala hivyo.

Kabla ya kuzungumza habari ya turubai au mabati, jiulizeni nani atalala humo na saa ngapi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua au betri. Jioni mumeo ataingia ziwani na kurudi alfajiri. Usiku wote, wakati wa mvua na upepo, watakaokuwa kibandani ni wewe na watoto. Mchana ni zamu yake kulala, jua likiwa utosini. Kwa hiyo kibanda hicho kina kazi mbili: usiku kiwe kikavu, kifungike na kimudu upepo, mchana kipoe kiasi cha mtu mzima kupata usingizi wa saa sita. Mvuvi asiyelala mchana husinzia usiku ndani ya mtumbwi, na huko hakuna pa kushikilia. Ndiyo maana tunasema wewe uwe na neno la kwanza katika kuchagua, maana usiku wewe ndiwe mlinzi wa nyumba. Prisila wa katika Biblia alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na mumewe Akila, na hatudhani alimwachia Akila peke yake kuchagua kitambaa.

Sasa turubai. Uzuri wake ni wepesi. Hukunjwa, hubebwa na mtu mmoja, na halichukui nafasi mtumbwini. Yako ya aina mbili: la nailoni, ambalo ni rahisi na jepesi lakini jua hulipasua mapema, na la kitambaa kizito, ambalo hudumu zaidi na hupitisha hewa, ila likilowa huwa zito sana, na likikunjwa bichi huota ukungu. Ubaya wa yote mawili ni upepo. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda kuja usiku, na turubai lisilofungwa vizuri huondoka lote. Mchangani vigingi havishiki. Wenyeji hujaza magunia mchanga, huyafukia, na kufunga kamba kwenye magunia hayo. Kisiwa kikiwa cha mawe, kamba hufungwa kwenye mawe makubwa. Jambo jingine, turubai halina mlango. Mtu mwenye kisu kidogo anaingia. Tusione haya kulisema, maana mialoni kuna watu wa kila namna na pombe haikosekani.

Mabati yana mlango wa kufuli, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mwanamke anayelala na watoto bila mume. Hayapitishi mvua na hayaliwi na mchwa. Lakini mchana bati jipya lisilofunikwa ni tanuri. Mumeo atatoka nje na kulala chini ya mti, kama mti upo. Dawa yake si ngumu: juu ya paa tandaza nyasi au makuti yaliyofungwa kwa kamba, na acheni nafasi ya wazi kati ya ukuta na paa, kiasi cha shubiri moja, izungushiwe wavu wa mbu. Hewa moto itatokea huko. Msiizibe nafasi hiyo hata siku ya baridi, sababu tutaieleza.

Mkinunua bati, ulizeni geji. Namba kubwa maana yake bati jembamba. Geji 32 ni jembamba mno kwa nyumba ya kuhamahama, kwa kuwa litakunjika mara ya kwanza mnapolifungua. Geji 28 ni zito kidogo na bei yake iko juu, lakini litavumilia kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Msipigilie misumari. Kila mkihama mtaing'oa, tundu litapanuka, na mvua itaingia. Toboeni matundu machache kwenye migongo ya bati, si kwenye mifereji yake, kisha fungeni kwa waya au kwa boliti zenye mpira. Nguzo na fito zipigwe namba kwa rangi, ili siku ya kusimamisha msibishane. Chumba cha futi 8 kwa 10 chenye paa la mteremko mmoja huezekwa kwa bati tano za futi 10, na ukumbi mdogo wa kuzuia mvua hubaki.

Kama fedha hazitoshi kwa mabati yote, shauri letu ni hili: bati kwa paa, na kwa ukuta ule unaopigwa na upepo wa ziwa, pamoja na mlango wa mbao. Kuta nyingine ziwe za mianzi au matete yaliyosukwa, zifunikwe kwa turubai upande wa nje. Kibanda cha namna hii hupoa mchana, hufungika usiku, na mzigo wake ni nusu ya nyumba ya mabati matupu. Turubai zima peke yake tungelikubali kwa wiki mbili za kwanza, wakati mnatazama mahali. Kwa msimu mzima na watoto, hapana.

Ndani, vitanda visikae chini. Kila kitanda kiwe kichanja, kimoja cha wazazi na kingine cha watoto, chenye miguu ya futi moja na nusu, na juu yake fito ya kuning'iniza chandarua. Malaria iko kando ya ziwa mwaka mzima. Kama seremala yupo, kichanja cha watoto kifungwe bawaba ukutani ili mchana kikunjwe, kwa maana katika futi 8 kwa 10 kila hatua ina thamani.

Wazo hilo la kitanda cha kukunja linatumika mbali sana na kwetu. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako siku hizi wanaishi Wakenya, Wasomali na watu wengine wengi wa Afrika Mashariki, maziwa huganda wakati wa baridi. Wenyeji huvuta nyumba ndogo zenye magurudumu kwa gari hadi katikati ya ziwa, hutoboa barafu kupitia tundu la sakafuni, na familia nzima huvua ikiwa ndani, imeketi karibu na jiko. Idara ya maliasili ya jimbo huwaambia barafu ifike inchi 4 kabla ya mtu kutembea juu yake, na izidi inchi 20 kabla ya gari zito linalovuta nyumba ya namna hiyo. Lakini hata barafu ikiwa nene kuna hatari nyingine wanayoonywa kila mwaka, nayo ni hewa ya jiko. Huweka kifaa cha kupiga king'ora, na huacha tundu la hewa wazi hata kukiwa na baridi kali.

Akina mama wa kwetu, hapa tunaomba msome taratibu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haisubiri moshi uonekane; jiko lililokolea vizuri bila moshi hata kidogo linaitoa. Usiku wa mvua kambini mtoto anatetemeka, mama anaingiza jiko ndani ya turubai, anafunga kila upenyo ili baridi isiingie. Kichwa kinaanza kuuma, kichefuchefu kinafuata, mwili unalegea, usingizi mzito unakuja, na asubuhi hawaamki. Kwa hiyo jiko lisilale ndani, hata kwa saa moja, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Mtoto apewe blanketi na fulana ya sufi. Ukisikia kichwa kinauma na jiko liko ndani, usitafute panadol. Toa watoto nje kwanza, kisha jiko. Ile shubiri ya wazi chini ya paa ni kwa ajili hiyo pia, lakini haitoshi kukuruhusu kulala na jiko.

Petroli ya mashine ya mtumbwi nayo isiingie kibandani. Nailoni na petroli na kibatari katika chumba kimoja ni msiba unaosubiri. Madumu yakae nje, mbali na jiko la kupikia, chini ya kivuli.

Habari ya mahali pa kusimamisha. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda mno, na mwaka 2024 yakapanda tena, yakafunika viwanja na vibanda katika mialoni mingi. Aidha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo msivutwe na raha ya kukaa hatua kumi kutoka mtumbwini. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa BMU wa mwalo mwulize mahali panaporuhusiwa, kisha mwulize wanawake waliokaa hapo muda mrefu mahali upepo unapotokea. Wao ndio wanaojua. Kibanda kisiwe kileleni peke yake wala chini ya mti mmoja mrefu, kwa ajili ya radi. Kiwe karibu na familia nyingine yenye watoto, na mbali na kilabu. Na choo? Mialo mingi imesumbuliwa na kipindupindu kwa kukosa choo. Kama hakuna, mumeo na kaka yake wachimbe kabla wewe hujafika. Hilo liwe sharti lako, useme kwa upole lakini useme.

Maji yale yale yanayowapa dagaa yana kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wakaao kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, ambapo ndipo watoto hupenda kuchezea na akina mama kufulia. Minyoo hiyo hupenya ngozi. Si lazima mtu anywe. Maji ya kuogea watoto yachotwe mahali pasipo majani, yakae ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili, na minyoo hiyo itakuwa imekufa. Ya kunywa yachemshwe. Pipa lenye mfuniko, basi, liandikwe kwenye hesabu ya kibanda kama vile bati. Wakati wa kuchota, ulizeni pia habari za mamba.

Siku ya kuhama chagueni siku za mbalamwezi. Wakati huo dagaa hawavuliki vizuri, mumeo yuko nchi kavu, na ataweza kufungua na kufunga kibanda bila haraka. Bati zilazwe chini kabisa ya mtumbwi, zifungwe pamoja, na nguzo juu yake. Kama mzigo na watu vinaufanya mtumbwi uzame kupita kawaida, mzigo utangulie na watu wafuate safari ya pili. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha lenye kipimo chake. La mtu mzima humtoka mtoto majini. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kufika karibu si kufika.

Limebaki jambo la mtoto wako mkubwa, ambaye umesema yuko darasa la nne. Visiwa vingi vya kambi havina shule, na familia inayohama kila miezi michache haiwezi kumhamisha mtoto kila mara. Abaki Kewanja kwa bibi yake, kama afya ya bibi inaruhusu, na aje kwenu likizo za Juni na Desemba. Lakini siku mtakapopima kibanda, pimeni pamoja na nafasi yake. Kichanja cha watoto kiwe cha watatu, si cha wawili, ili atakaposhuka mtumbwini mwezi wa sita akute mahali pake pa kulala pamekwisha kutandikwa.