Mwizi Hakamatwi kwa Kukifunga Kijiji

Ndugu wapenda haki, tunapoulizwa iwapo vyama vingi pekee vinatosha kumkinga mwananchi dhidi ya ufisadi, hatuna budi kujibu kwa unyofu: havitoshi. Na tunapoulizwa iwapo basi heri kura iondolewe, twajibu kwa sauti kubwa zaidi: la hasha! Ushahidi wa majibu hayo mawili unapatikana katika visiwa vya Turks na Caicos, eneo dogo lililo chini ya Uingereza, kusini-mashariki mwa Bahama.

Visiwa hivyo vilipewa Katiba ya serikali ya mawaziri mwaka 1976, na tangu hapo vyama vya PDM na PNP vimekuwa vikipokezana madaraka kwa kura. Juu yao yupo Gavana anayetumwa kutoka London. Utajiri wa huko si dhahabu wala mafuta, bali ni fukwe nyeupe zinazotamaniwa na wajenzi wa mahoteli. Kwa hiyo mwenye kugawa ardhi ya umma, ambayo huko huitwa ardhi ya Taji, ndiye mwenye nguvu.

PNP kilishika serikali mwaka 2003, na katika uchaguzi wa 2007 kikanyakua viti 13 kati ya 15. Wapinzani wawili wangemhoji nani? Julai 2008 London iliunda Tume chini ya Sir Robin Auld, jaji mstaafu. Tume ilisema upo uwezekano mkubwa kwamba ufisadi umeota mizizi serikalini, na suala la ardhi ya Taji likawa kiini cha uchunguzi. Waziri Mkuu, Michael Misick, alizikana tuhuma, lakini akajiuzulu Machi 2009.

Hapo ilipasa sheria imwandame kila mtuhumiwa kwa jina lake. Lakini tarehe 14 Agosti 2009 London ilisimamisha sehemu za Katiba yenyewe. Mawaziri wakaondolewa, Bunge likafungwa, na hata haki ya mshtakiwa kuhukumiwa mbele ya juri ya raia wenzake ikasimamishwa. Gavana akatawala peke yake zaidi ya miaka mitatu. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza, kwani serikali ya mawaziri ilikuwa imesimamishwa pia kuanzia 1986 hadi 1988.

Sisi wanasheria twakiri kwamba London ilikuwa na uwezo huo kisheria, na mahakama za Uingereza zilikataa pingamizi la Misick. Twakiri pia kwamba kipindi hicho kiliacha mema, ikiwamo sheria ya ardhi ya Taji ya mwaka 2012. Lakini si kila kilicho halali ni cha haki. Kesi ya watuhumiwa ilianza kusikizwa mwishoni mwa 2015, ikakatika mwaka 2021 jaji alipofariki kabla ya kutoa hukumu. Watuhumiwa walipewa mawakili na miaka ya kujitetea, kama ipasavyo. Mpiga kura alihukumiwa kwa siku moja, bila kusomewa shtaka lolote!

Naye mpiga kura huyo hakuwa mjinga. Kura iliporudishwa Novemba 2012, aliipa PNP viti 8 na PDM viti 7. Mwaka 2016 aliigeukia PDM, na 2021 akairudisha PNP. Aliweza kuondoa serikali asiyoitaka bila kufundishwa na Gavana.

Sisi tulioshuhudia kifungu cha 2A kikifutwa Desemba 1991 twajua kwamba kuruhusu vyama ni kufungua mlango tu. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme Ahabu hakukosa wazee wa mji wala mashahidi. Alikosa mtu wa kumwambia hapana. Mtu huyo ndiye tunayemdai: mkaguzi wa hesabu asiyeogopa, jaji asiyepigiwa simu, daftari la ardhi lililo wazi kwa kila raia, na upinzani wenye idadi ya kutosha kuuliza maswali.

Yakikosekana hayo, mwizi ataingia kwa kura. Yakiwapo, atakamatwa mwizi mwenyewe, na kijiji kitaendelea kupiga kura.