Mbwa wa nyumbani ana tabia yake, tuijue

Katika lupango nyingi za Tenke, Fungurume na Kolwezi, mbwa amewekwa kwa kazi moja: kubwekea mwizi usiku. Mchana anafungwa mnyororo au anaachwa azurure barabarani, jioni anatupiwa ukoko wa bukari, na vituko vyake vinachekwa kidogo kisha vinasahaulika. Mimi nasema vituko hivyo vinastahili kutazamwa kwa makini. Kila mbwa ana tabia yake, tofauti na ya mbwa wa jirani, na familia isiyoijua tabia hiyo haimfaidi mbwa wake hata katika ulinzi wanaomlishia.

Mtazameni huyu wa kawaida, wa rangi ya udongo, masikio juu, mkia umejikunja. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Katanga inapouma, amejikunyata kando ya mbabula iliyozimika kwa sababu majivu bado yana joto, na kumwondoa hapo ni kazi. Jua likipanda anahamia penye pipa la maji, anachimba kwa miguu ya mbele mpaka afike kwenye udongo wenye ubaridi, anazunguka mara mbili tatu, kisha anajibwaga kwa pumzi ndefu. Charles Darwin aliuandika mzunguko huo katika kitabu chake cha mwaka 1872 na kuueleza kuwa ni mabaki ya maisha ya porini, mnyama alipolaza majani kabla ya kulala. Mpe mfupa akiwa ameshiba: ataupeleka nyuma ya choo, ataufukia, ataushindilia udongo kwa pua, halafu atarudi na pua nyekundu ya vumbi akijifanya hakutoka popote. Pikipiki nyingi zinapita asiinue hata kichwa, lakini ile ya baba ikikata kona tu, yuko mlangoni kabla watoto hawajasikia kitu. Ndugu yake wa tumbo moja, aliyepewa jirani, hana habari na pikipiki. Yeye humsindikiza mama wa nyumba hiyo hadi njia panda ya soko, kisha hurudi mwenyewe. Baruti ya mgodi ikilipuka, mmoja anajificha chini ya kitanda na mwingine anaendelea na usingizi. Mama yao ni mmoja, udongo ni mmoja, chakula ni kilekile, lakini hawafanani.

Wapo wanaoamini kwamba yote hayo ni suala la aina, kwamba mbwa wa kizungu ndiye mwenye akili na huyu wetu ni wa kienyeji tu. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2022 katika jarida la Science walikusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Anayetoa dola nyingi Lubumbashi kwa mtoto wa mbwa wa Kijerumani amenunua umbo. Tabia itabidi aisubiri aione. Na huyu wa kienyeji anastahili heshima kuliko tunayompa. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo yetu, alionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937 na watu wakasongamana kumwona. Kubweka si desturi yake. Sauti yake hupanda na kushuka mfano wa wimbo, na wawindaji walimvalisha kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi porini.

Hoja nzito zaidi husikika kwa baba wengi wa nyumba: mbwa akiitwa jina, akizungumzishwa, akichezewa na watoto, analegea na hafai tena kulinda. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu wizi upo na usiku wa hapa ni mrefu umeme ukikatika. Lakini mbwa aliyefungwa mchana kutwa bila kusemeshwa huishia kubwekea kila kitu, mbuzi, upepo, treni ya mizigo, na baada ya muda hakuna anayeamka. Ulinzi unategemea aliyelala ndani kuelewa anachoambiwa na mlio wa nje. Watafiti wa Hungary walionyesha mwaka 2005 kwamba watu wakisikilizishwa mibweko iliyorekodiwa, hata wale wasiowahi kufuga mbwa, wanaweza kutambua ipi ni ya kumkabili mgeni na ipi ni ya mchezo au ya upweke, kwa kiasi kinachozidi kubahatisha. Aliye nyumbani ana nafasi ya kujua zaidi ya hapo: kwamba huyu wake humpokea mtu asiyemjua kwa sauti nzito isiyokatika, na paka wa jirani kwa sauti nyembamba huku akirukaruka. Hilo hujulikana kwa kuishi naye, na mnyororo hauzuii mwizi ikiwa wenye nyumba wamezoea kupuuza kelele.

Kutojua tabia huleta ukatili pia, na hapa ndipo naumia zaidi. Tumezoea kusema mbwa anajua amekosa: samaki ametoweka sufuriani, mbwa amelaza masikio, amekwepesha macho, mkia uko katikati ya miguu, basi fimbo inashuka. Alexandra Horowitz, mtafiti wa New York, alilipima jambo hilo mwaka 2009. Alikuta kwamba sura hiyo hutokea mbwa anapokaripiwa, awe amekula kilichokatazwa au hakukila. Mbwa anasoma hasira usoni mwako. Anayempiga jioni kwa samaki aliyeliwa asubuhi anamfundisha kuogopa mkono tu, na woga ni mojawapo ya sababu kubwa za mbwa kuuma.

Nitaulizwa: katika mji ambao bei ya unga inapanda na malori ya shaba yanatumwagia vumbi kutwa, nani ana nafasi ya kuchunguza vituko vya mbwa? Swali ni la haki. Lakini kutazama hakuna gharama, na kutotazama kunaweza kuua mtu. Kichaa cha mbwa bado kipo Kongo. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote kwa kuambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kwa mbwa, mara nyingi dalili ya mwanzo ni kubadilika kwa tabia: mpole anakuwa mkali, mwoga anawasogelea watu asiowajua, mlio unabadilika, koo linashindwa kumeza na mate yanatiririka. Nani atayaona mabadiliko hayo mapema? Ni yule tu anayejua jana mbwa wake alikuwaje, na mara nyingi ni mtoto, ambaye tunamwambia aache upuuzi.

Kwa hiyo wazazi wa Tenke, watoto wakiwasimulia habari za mbwa, wasikilizeni. Wakisema leo amekataa mfupa, au amemnung'unikia mtu aliyemzoea, wazuieni wasimkaribie na mumwite daktari wa mifugo. Mbwa akimuuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo mkaombe chanjo. Na mbwa mwenyewe achanjwe kila mwaka, hata huyu wa kienyeji aliyelala penye majivu.